Mama Aliyeingia Mara Nne Bila Kutoka

Kabla hujaanza kunicheka, nikuambie mambo mawili. La kwanza, mimi sinywi pombe, sijawahi hata kuionja, na wanaonijua hapa Kisangani watakuambia hivyo hivyo. La pili, haikuwa usiku. Najua visa vya namna hii huanza na giza na mlio wa bundi. Changu kilinikuta saa nane mchana, jua likichoma mabati, pikipiki zikipiga honi barabarani, muuza mikate akigombana na wateja wake. Nilikuwa macho kuliko wewe unayesoma. Kama bado unataka kucheka, cheka umalize.

Kazi yangu ni kunasa sauti za watu na kuzikata. Studio yetu iko Kabondo, chumba kimoja chenye mlango mmoja, na ukutani tumepigilia vipande vya godoro ili kuzuia kelele, ingawa kelele za mji huu hazizuiliki. Wazazi wangu walitoka Maniema, upande wa Kasongo, na kwetu Kiswahili kilikuwa heshima ya nyumba. Ulikuwa ukisema "kitabu yangu" mbele ya babu, aliyekuwa mwalimu, kofi linatangulia, maelezo yanafuata. Nikakua na ugonjwa huo. Mtu akikosea neno sisikii tena anachosema, nasikia kosa tu. Na hapa Kisangani, ambako nusu ya watu wanaota kwa Kilingala halafu wanaamka na kuongea Kiswahili, nilikuwa na vya kucheka kutwa. Nakuambia ukweli, nilikuwa mtu wa dharau. Waliosema mdharau mwiba mguu huota tende walikuwa wakinisema mimi.

Basi. Kulikuwa na Maître Alphonse, mpiga saksafoni, mwalimu wa zamani mwenye hasira za karibu. Ana kundi la watu sita wanaopiga jazi. Si ile ya kuchezea rumba, ni hii mpya ambayo watu hukaa chini wakaisikiliza huku wamekunja uso. Alikuwa anatengeneza albamu ya mambo ya roho. Kila wimbo ulitokana na sala moja ya mji huu: kasida waliyokuwa wakiimba shangazi zangu, wimbo wa kwaya ya misa ya asubuhi, vilio vya wale wanaoombea safari za Ulaya chini ya hema. Wa mwisho ulikuwa wa watu wa mto. Wenzake walikwisha kunasa sehemu zao zote, saksafoni, besi, piano, vyote. Ilibaki ngoma tu, na ngoma hiyo Alphonse hakutaka ipigwe na mtu wa mjini.

Ndipo akaja Papa Anselme kutoka Yanonge. Mchuuzi wa samaki wa moshi, miaka hamsini na kitu, mfupi, hacheki. Alifika kwa baleinière, zile mashua kubwa za mbao za mtoni, na lokole yake ikiwa imefungwa ndani ya mkeka. Kama hujaiona, lokole ni gogo lililochimbwa ndani likabaki na mwanya mrefu wenye midomo miwili. Mdomo mmoja hutoa sauti ya juu, mwingine ya chini. Watu wa mto hawaipigi ili watu wacheze, wanaiongelesha. Lugha yao hupanda na kushuka, gogo nalo linapanda na kushuka vilevile, na anayejua anasikia maneno. Kila mtu ana jina lake la ngoma, refu, lenye baba yake na kijiji cha mama yake ndani. Hayo yote niliyajua baadaye. Siku ile mimi nilisikia mdundo.

Walizungumza sana nje, yeye na Alphonse, mimi nikiwa ndani nakunja nyaya. Sikusikia walichosema wala sikuuliza. Kisha akaingia, akakaa, akachukua fimbo zake mbili zenye mpira kichwani, akapiga. Kwanza maneno mafupi, makali, yanayopanda. Akanyamaza muda mrefu, mpaka nikadhani amesahau. Kisha akapiga mengine, marefu, ya taratibu, yanayoshuka. Na katikati ya hayo ya pili, pikipiki moja ikasimama nje na kupiga honi kumwita Mama Feza, yule muuza mikate wa mlangoni petu, amletee mikate ya mia tano. Honi ikaingia kwenye kipaza sauti. Sehemu yote ya pili ikaharibika.

"Turudie, papa?" nikamwuliza.

"Apana. Ile haipigwake mara mbili kwa siku."

Nikakereka, nikazima kipaza sauti. Alphonse aliomba lokole ibaki kwetu siku chache ili aipige picha ya jalada. Papa Anselme akakubali kwa shingo upande, akaifunika kwa mkeka pembeni. Alipofika mlangoni akanigeukia.

"Mwisho, umurudishe," akasema. "Usisahau, mon fils, mwana wangu. Umurudishe."

Sasa nisikilize vizuri, maana msiba wote umelala hapa. Katika studio, kurudisha ni kuicheza sauti tena. Mwimbaji akitaka kusikia alipokosea anasema, "Nirudishe kidogo," nami narudisha. Kwa hiyo nilielewa kwamba mzee anataka mdundo wake urudiwe. Ila kwa Kiswahili cha babu yangu, ngoma ni kitu. Hurudishwa kwa i: "uirudishe". Huyu alisema "umurudishe", kana kwamba ngoma ni mtu. Moyoni nikasema, watu wa mto hawa, wataoga lini tope la Kilingala?

"Nitairudisha, papa," nikamjibu, nikiikaza ile i ili ajue alipokosea. "Tena mara nyingi."

Akanitazama. "Mara moja inatosha."

Nikacheka baada ya yeye kuondoka. Hawajui studio, nikasema. Jioni ile nikaketi, nikafuta sehemu ya pili yenye honi, nikaifuta kabisa, kisha nikakata yale maneno mafupi ya mwanzo na kuyapanga chini ya saksafoni ya Alphonse. Mara kumi na mbili. Umeme ukakatika kabla sijausikiliza wimbo mzima.

Kesho yake umeme ulirudi mchana. Asubuhi hiyo Papa Anselme alikwisha kupanda mashua kurudi Yanonge. Nikafungua kompyuta, nikaucheza wimbo kwa spika. Wallahi ulikuwa mzuri. Saksafoni ilikuwa inapanda na kushuka, na chini yake lile gogo linaita, linaita, linaita. Nywele zilinisimama, nikadhani ni uzuri. Alphonse alikuwa amenipigia mara tano tangu asubuhi akiuliza kama wimbo uko tayari, kwa hiyo nikamtumia palepale kwa simu, bila kufikiri.

Mlango ukagongwa.

Alikuwa mama wa miaka sitini hivi, mwembamba, nywele zimesukwa kwa uzi, kitenge kimepauka. Mkono mmoja ameshika kisu kidogo. Mkono mwingine ana ndizi ya kupika, nusu imemenywa.

"Nani ananiita?" akauliza.

"Hakuna aliyekuita, mama."

"Nimesikia jina yangu."

"Jina lako nani?"

Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto asiyefunzwa kwao. Nikajua ni mchuuzi aliyepotea nyumba, nikamwambia aulize kwa jirani, nikamfungia mlango. Ndiyo, nilimfungia mlango usoni. Huko kwetu mtu mzima hafungiwi mlango, na babu angekuwa hai kofi lingenifika.

Nikarekebisha besi, nikaucheza wimbo mara ya pili. Haujafika katikati, mlango ukagongwa tena. Mama yuleyule. Kisu, ndizi, nusu imemenywa. Safari hii hakungoja kukaribishwa, aliingia akasimama kando ya ukuta, anahema.

"Umeniita tena."

"Mama, mimi nina kazi."

"Na mimi sina kazi?" Akainua ile ndizi. "Hii njo nini? Unaona mi nilikuwa nachezea?"

Nikajisemea moyoni kwamba huyu, anayesema "njo" badala ya "ndiyo", ni kichaa, na kichaa hajibishwi. Nikavaa spika za masikioni ili nisimsikie, nikaucheza wimbo mara ya tatu. Zingatia hapo: sasa sauti ilikuwa masikioni mwangu tu, hakuna mwingine duniani aliyeweza kuisikia. Nilipogeuka, ukutani hapakuwa na mtu. Alikuwa ndio anaingia mlangoni, mbio, jasho linamtoka, akaja moja kwa moja mpaka nyuma ya kiti changu.

Nikavua zile spika, nikatoka nje kumgombeza Mama Feza. Kwa nini anaruhusu kila mpita njia aingie studioni?

Mama Feza ni mtu wa Kindu, haogopi mtu. Alikuwa anageuza mikate kwenye mafuta, hakuinua hata kichwa. "We mwana, mi njo nikuulize. Ule mama uko unamufanya nini mule ndani?"

"Mama yupi?"

"Ule mwenye makemba, ile ndizi ya kupika. Ameingia mara tatu. Kutoka, mi sijamuona anatoka hata mara moja. Na nimekaa hapa tangu asubui."

"Mara ya kwanza nilimfungia mlango, akaondoka."

"Akaondoka wapi? Mulango ni hii, na miye ni huyu."

Nikarudi ndani. Mle chumbani alikuwa mama mmoja tu, amesimama mbele ya kompyuta yangu anaitazama kama mtu anayemtazama mwizi aliyekamatwa.

"Nirudishe," akasema.

Unajua nilielewa nini? Mungu anisamehe. Nilielewa vile wanavyosema waimbaji. Nikadhani kumbe ni mama aliyewahi kuimba mahali, anataka kusikilizishwa. Nikadhani nikimchezea ataridhika aende zake. Nikabonyeza, kwa spika kubwa.

Ngoma ilipotamka neno la kwanza, yule mama alikatika mbele yangu. Sina neno jingine. Alivutwa nyuma kama mtu aliyeshikwa nywele na mkono usioonekana, na pale alipokuwa hapakuwa na kitu, na papo hapo mlango ukagongwa. Nje nilimsikia Mama Feza akipiga kelele, "Na sasa ni ya ine! Mwana, ni ya ine!" Mlango ukafunguka. Akaingia anajikokota. Wimbo haukuwa umekwisha, gogo liliendelea kuita, na kwa kila mwito alisukwasukwa kama nguo inayofuliwa, hatua moja mbele, hatua moja mbele, hataki lakini anakuja. Mkono wangu ulikuwa juu ya kompyuta na haukusogea. Niliogopa. Sisemi kwa kupamba, mkojo ulinitoka.

Wimbo ulipokwisha alikuwa ameshanifikia. Alinishika kifundo cha mkono kwa ule mkono wa ndizi, wenye utomvu, na mkono wake haukuwa baridi kama wasemavyo watu. Ulikuwa wa moto, wa mtu aliyetoka jikoni.

"Unaniita sawa imbwa," akasema. "Mara kumi na mbili. Hata bwana yangu alipokuwa hai hakuniita vile. Mutoto wangu aliniita vizuri, kwa heshima, akaniambia kuko wimbo, bariki, rudi. Nikabariki. Nikakaa nangoja anirudishe. Nani amekula maneno yake ya kurudi? Alikuambia umurudishe. Hakukuambia?"

Hapo ndipo lile "mu" liliponipiga kifuani. Halikuwa kosa. Lilikuwa neno lililo sahihi kuliko yote niliyowahi kusikia katika chumba kile, na mimi, mjukuu wa mwalimu, nililicheka.

Nilimpigia simu Papa Anselme mkono wangu mwingine ukiwa bado umeshikwa. Alikuwa mtoni, mtandao unakuja na kuondoka, nikisikia injini ya mashua na mbuzi wakilia. Nilimwambia yote kwa pumzi moja. Akanguruma.

"Mama yangu! Ile ni mama yangu, haiko wimbo! Nilikuambia umurudishe! Ile ya mwisho iko wapi? Uipige tu, ataenda."

"Nimeifuta, papa. Kulikuwa na honi."

Alinitukana kwa lugha yake, na sikuhitaji mkalimani. Nikamwuliza atarudi lini. Akasema mashua hairudi nyuma kwa sababu ya mjinga mmoja, na hata akirudi haitasaidia.

"Si miye niliita mara ile. Ni weye. Mutu aliyeita njo anarudisha. Lokole iko hapo?"

"Ipo."

"Kaa chini. Ushike fimbo."

Nikakaa. Yule mama aliniachia, akasimama upande wa pili wa gogo. Papa Anselme akaanza kunisemea kwa mdomo, sauti yake ikipanda na kushuka kupitia spika ya simu: juu, juu, chini, juu, chini, chini. Mimi niliyekata nyimbo za watu miaka kumi na mitano nikaona sijui kusikiliza. Nilikosea mahali pamoja, nikapiga juu palipotakiwa chini, na yule mama akafunga macho kwa maumivu.

"Umesema mama yangu ni mwizi," Papa Anselme akasema kwenye simu. "Tena. Polepole."

Mtandao ukakatika. Nikabaki na nusu ya maneno mikononi, na marehemu ananitazama. Ilikuwa dakika ngapi? Sijui. Hakukaa. Nilijaribu kuomba dua, nikakuta nimesahau hata zile za utotoni, nikabaki kulia tu, mtu mzima, suruali imelowa. Nilimwambia, "Mama, nisamehe, sikujua." Akanijibu, "Ulijua kucheka." Kisha simu ikaita. Mashua ilikuwa imefika penye mtandao tena.

Mara hii nilisikiliza kama sijawahi kusikiliza. Nilipiga yote mpaka mwisho. Yule mama alipumua, akageuka, akatoka mlangoni kwa miguu yake, bila kuaga. Nikamsikia Mama Feza: "Eh, sasa ametoka!" Nikaanguka chini kwa shukrani. Sijainuka, mlango ukagongwa.

Alikuwa yeye. Amechoka zaidi. Akaninyooshea vidole vitatu.

Nilimwita mara nne. Kila mwito ulitaka marejeo yake. Nikapiga tena, akatoka, akagonga. Nikapiga tena. Mara ya nne alipotoka hakugonga, na Mama Feza aliingia ndani ameshika kijiko chake cha mafuta, akaniambia kwamba sasa amemwona akitoka mara nne na hakumwona akiingia, na kwamba kuanzia kesho atauza mikate yake barabara ya pili.

Unadhani imekwisha? Nilidhani hivyo. Nilifuta wimbo kwenye kompyuta, nikaenda nyumbani, nikaoga mara mbili. Nilipokuwa nakula, mlango wa nyumba yangu ukagongwa. Kisu, ndizi, nusu imemenywa. Ndipo nilipokumbuka kwamba nilimtumia Alphonse. Nikaenda studio kuichukua lokole, nikampigia mama marejeo yake, kisha nikatoka mbio.

Nilimkuta Alphonse nyumbani kwake anafurahi. Alikuwa amewatumia wenzake wote wa kundi, nao wamewatumia wanakwaya, na mtu mmoja wa redio. Nilimwambia aufute, awaambie wote waufute. Nikamwonyesha mkono wangu, alama nyeusi za vidole vitano, utomvu wa ndizi. Akauangalia kama mtu anayeangalia mkono wa mchafu.

"Bon, uoge basi," akasema.

"Maître, Papa Anselme alikuambia nini pale nje siku ile?"

"Aliniambia anaita mama yake aibariki albamu. Ni muzuri, c'est beau, non? Sasa iko nini?"

"Kwa hiyo ulijua!"

"Nilijua ni maneno ya wakubwa, ya adabu. Weye uko mwislamu, umesoma, unaogopa fimbo mbili?" Kisha uso ukabadilika, akanisogelea. "Miaka kumi natafuta sauti ya ile namna. Kumi. Hakuna mutu atanifutisha. Na weye, usikanyage tena hapa kwangu."

Tukashikana mashati. Mke wake ndiye aliyetutenganisha. Mpaka leo hatusalimiani, na albamu ilitoka, na watu wanamsifu kwenye kipindi cha redio kwamba ameleta roho kwenye jazi. Roho ameileta kweli. Ila haigongi mlango wake, inagonga wangu, kwa sababu aliyekata ni mimi.

Papa Anselme alipanda mto kuja mwezi uliofuata. Hakunisalimia. Alisema tu, "Nataka kumuona." Tulikaa nyumbani kwangu tangu asubuhi, yeye kwenye kiti, mimi nyuma ya lokole, hatuna la kuzungumza. Saa tano mtu fulani mahali fulani aliucheza wimbo, maana mlango uligongwa, nami nikafungua, na mama akaingia. Papa Anselme akautazama ukuta. Akanitazama mimi. Hakumwona. Mwanawe wa kumzaa, na hakumwona, na mimi niliyemcheka ninamwona mpaka uzi wa nywele zake.

"Iko wapi?" akauliza.

"Yuko nyuma yako, papa. Ameweka mkono karibu na kichwa chako."

"Anasema nini?"

Hakuwa anasema kitu. Alikuwa anamtazama mvi zake tu, kama mama anayemkagua mtoto aliyetoka safari. Muda mrefu. Kisha akanigeukia, na sauti yake haikuwa na hasira tena. Afadhali ingekuwa nayo.

"Murudishe na ye kwake," akasema. "Asikuje tena kuningoja. Na miye unirudishe. Nimechoka kutembea."

Nilimwambia Papa Anselme maneno hayo kama yalivyo. Akalia bila sauti, akishika magoti yake. Nikapiga, nikakosea mahali, naye akanirekebisha huku machozi yanamwagika: juu, mjinga, ile ni juu. Mama akatoka. Papa Anselme akaondoka jioni, akaniachia lokole. Alisema hataki kuiona machoni, na kwamba mwenye kazi ndiye akae na jembe.

Kwa hiyo sikati sauti tena. Siwezi kusafiri, kwa sababu lokole haiingii kwenye begi. Nalala nguo zikiwa mwilini. Kuna siku hagongi hata mara moja, nami nasujudu. Kuna Jumapili anagonga mara tisa. Vidole vile vitano viko bado kwenye mkono wangu, nimesugua kwa mafuta, kwa ndimu, kwa majivu, havitoki. Ndizi yake mpaka leo imemenywa nusu. Kila anapokaribia kuimaliza, mtu anamwita.

Na simalizi kazi. Hilo ndilo linaloniua. Watu wanauonea raha wimbo ule usiku kucha, nami nina mikono miwili. Asubuhi nyingine nampeleka, anarudi, nampeleka, anarudi, na kila akirudi miguu yake imelika zaidi, na hanilaumu tena, anasimama tu pembeni ya gogo akingoja zamu yake.

Wewe unayesoma, tazama simu yako. Ni wimbo wa dakika tisa. Unaanza na gogo peke yake, mara mbili, kisha inaingia saksafoni ya chini. Ukiukuta, usiujaribu kidogo usikie ulivyo. Usimtumie rafiki umwambie ajionee. Ufute.

Na kama umekwisha kuucheza, sitakugombeza, mimi si mtu wa kumgombeza mwingine. Nitafute Kabondo, uliza nyumba yenye lokole, watakuonyesha. Usione haya wala usinidanganye. Niambie tu uliucheza mara ngapi.